Machicha ya Urani

Kofi lilimpata Mejumaa shavuni kabla hajamaliza kuuliza ameitiwa nini. Alipepesuka, akaligonga robota la mitumba kwa bega, mtandio ukamwangukia mabegani, na sikio la kushoto likaanza kuvuma kama birika linalotaka kuchemka.

"Hapa anayeuliza ni mimi," alisema mwanamume aliyempiga. "Kazi yako ni kujibu."

Mwanamume huyo aliitwa Griffins, wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu wa bara aliyekwisha kuota mizizi Mombasa. Alikuwa amevaa koti jembamba la buluu na kulifunga vifungo vyote, ingawa ndani ya godauni lile la Shimanzi joto lilikuwa la tanuri. Uso wake ulikuwa umepauka na midomo imemkauka. Pembeni yake alisimama Seth, mpakiaji wa zamani mwenye shingo kama gogo, kipande cha nondo mkononi. Na chini, mgongo ukutani na mguu mmoja ameunyoosha, alikuwa ameketi Ngowa.

Ngowa ndiye aliyemleta. Alimkuta Marikiti asubuhi ile ya Jumamosi, kikapu mkononi, akichagua bilingani kabla ya kurudi kwake Kibokoni. "Shikamoo, mwalimu," alimwambia, na Mejumaa akamtambua papo hapo, kwa sababu alikuwa amemfundisha fizikia mpaka kidato cha nne. Ngowa alimweleza kuwa kuna mtambo kazini umeharibika, na kwamba asipopata mtu wa kuutambua atafukuzwa. Hadithi yenyewe haikushika sawasawa. Lakini kijana alikuwa akiburuta mguu, jasho linamtoka na macho yanaomba, na Mejumaa hakuwa mwalimu wa kumpa kisogo mwanafunzi wake, hata aliyeondoka shuleni zamani. Wakapanda tuktuk. Mlango wa chuma wa godauni ulipofungwa nyuma yao ndipo Ngowa aliposema, bila kumtazama, "Nisamehe, mwalimu. Walisema wataniua." Seth akamkanyaga mguu ule mbovu, naye akapiga ukelele hata akajikojolea.

Sasa Griffins alilivuta gunia lililokuwa juu ya meza. Chini yake palikuwa na donge la chuma cheusi, lisilozidi ukubwa wa nazi iliyofuliwa, limezungukwa na vipande vya kasha lililokatwa kwa msumeno.

"Linyanyue," alisema.

Mejumaa alilishika kwa mikono miwili. Halikwenda. Alijikaza tena, likainuka kidogo tu, likimvuta mabega kama ndoo iliyojaa maji. Risasi isingekuwa nzito kiasi kile. Alilirudisha mezani. Alikwisha kujua ni nini.

"Mnunuzi yuko njiani," Griffins alisema. "Ni mgeni, hana imani na sisi. Wewe ni mwalimu, utamwambia kwa mdomo wako kwamba hii ni urani."

"Ni urani," alisema Mejumaa. "Lakini siyo mnayoidhania."

Nondo ya Seth ilishuka mezani karibu na vidole vyake, ubao ukapasuka.

"Hebu sema vizuri, mama."

"Nasema kweli. Kwenye kipande hiki cha kasha kuna kibati chenye maandishi ya Kizungu. Neno la pili ni urani, na hilo ndilo mliloliona. La kwanza mlilisoma?"

Griffins alimgeukia Ngowa. Ngowa akainamisha kichwa.

"Huyu kijana alituambia mlisoma darasani," Griffins alisema. "Nyutroni ikigonga urani, urani inapasuka, mji mzima unakwisha. Ulifundisha, hukufundisha?"

"Nilifundisha mambo mawili, yeye akashika moja." Mejumaa alijilazimisha kuzungumza kama anavyozungumza mbele ya ubao, polepole, kwa sababu hakuwa na silaha nyingine. "Kiini cha atomu kina chaji ya umeme. Kitu chenye chaji kama yake kikisogea, husukumwa mbali. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo haisukumwi. Hupita kimya mpaka ndani, hata ikiwa yatambaa. Sasa urani ziko namna mbili. Namna ya kwanza ni haba mno. Kiini chake kikimeza nyutroni huvimba, hutikisika, hubanika kiunoni kama puto lililojaa maji, halafu hukatika vipande viwili. Vipande hivyo hurushana kwa nguvu, na huko ndiko unakotoka ule moto. Pia hutoka nyutroni nyingine mbili au tatu. Zikikuta viini vya namna ileile vimekusanyika vya kutosha, navyo hupasuka, na vya jirani navyo, na vya mbele yao."

"Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo tunayo!"

"Siyo. Hii ni namna ya pili. Kiini chake kikimeza nyutroni ya polepole hukaa nayo tu, hakipasuki. Huko kiwandani waliichukua urani wakaikamua ile namna ya kwanza, wakaenda nayo. Ndilo neno la kwanza la kibati: iliyokamuliwa. Umewahi kumwona mtu akichuja nazi? Tui limekwisha kwenda, bwana. Haya ni machicha. Hata ukiyapiga nyundo, hata ukiyatia motoni, hayawezi kuangamiza mji."

Nje lori lilipiga honi ndefu likirudi nyuma, na mtu akatukana kwa Kigiriama. Griffins alivuta pumzi puani, akamwendea Ngowa, akampiga teke la mbavu, kisha la mdomo. Meno yalitoka. Ngowa alijikunja akijikinga kichwa, damu ikimtiririka katikati ya vidole.

"Machicha! Umeniletea machicha!"

"Mwache!" Mejumaa alipiga kelele. "Ngowa, huo mguu una nini?"

Ngowa alivuta suruali polepole, na kitambaa kikabanduka kwenye paja pamoja na ngozi. Palikuwa na kidonda kipana kama sahani, chekundu katikati, chenye malengelenge pembeni, na harufu yake ikamfikia Mejumaa pale aliposimama. Hakikuwa kidonda cha moto wala cha maji.

Hapo mambo yote yalimfungukia. Kwenye tuktuk Ngowa alikuwa amemwambia kwamba ni kibarua wa kampuni iliyokuwa ikipiga picha viungo vya mabomba ya mafuta ili kuona kama vimechomelewa sawasawa. Mtambo wa kupigia picha hizo hubeba ndani yake chembe ya madini ya iridi, yenye miale ya kupenya chuma. Urani ile haikuwekwa pale kwa sababu nyingine ila uzito wake: ilikuwa ukuta wa kuizuia miale.

"Ulitoa kitu ndani," alisema. "Kidogo, cha kung'aa, kina mkia kama mnyororo."

"Nilikitia mfukoni, mwalimu. Mchana mmoja tu. Jioni nikakificha mbali, kwenye kopo, ndipo mguu ukaanza." Alikohoa damu. "Nilidhani ndicho kinachotoa nyutroni."

"Na sasa kiko wapi?"

Griffins alicheka. Aligonga mfuko wa kifuani wa koti lake. "Kiberiti cha bomu kiko kwangu. Tangu jana, aliponionyesha kopo. Mtu akitaka kuniibia sharti anipitie mimi kwanza. Nimelala nacho."

Mejumaa alirudi nyuma mpaka marobota yakamzuia. Mtu huyu aliyempiga, aliyemvunja Ngowa meno, alikuwa amesimama pale na kifo kifuani na hana habari.

"Umetapika?" aliuliza.

Seth ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini: "Tangu alfajiri."

"Samaki," Griffins alisema.

"Si samaki. Kitu hicho hakitoi nyutroni hata moja. Kinatoa miale, na miale hiyo inakuua hapo uliposimama. Lirushe koti kule mwisho, ukae mbali nalo. Sikutanii, wallahi. Kila dakika yako ni hasara."

Kwa muda mfupi mkono wa Griffins ulikwenda kwenye kifungo cha juu. Mejumaa aliuona ukisita. Kisha mtu huyo akatabasamu, meno yake yana rangi ya njano. "Nilitupe, wewe uliokote. Nyinyi watu wa hapa mnatuona washamba, sivyo?" Alimgeukia Seth. "Leta grainda. Kata kipande. Tutajua kama ni machicha."

"Usikate!" Mejumaa alisema. "Unga wake huwaka wenyewe!"

Hakuna aliyemsikiliza. Seth alichomeka waya, akalibana donge mezani kwa goti, na jiwe la kukatia likaanza kulia. Cheche zilizoruka hazikuwa za chuma cha kawaida. Zilikuwa nyeupe, nono, zikipasuka hewani, na zilipoanguka hazikuzimika. Vipande vidogo viliendelea kuwaka sakafuni kama kaa la mkaa linalopulizwa.

"Yawaka!" Griffins alipiga kelele kwa furaha. "Umeona? Ulisema machicha, mbona yawaka?"

"Hata magnesi huwaka! Huo ni moto wa kawaida, si mpasuko! Zima!"

Cheche moja ilikuwa imekwisha kuingia kwenye robota lililopasuka. Moshi ulitoka kwanza, mweupe, kisha ulimi wa moto ukaupanda mlima wa nguo kuukuu mpaka karibu na mabati. Seth aliitupa grainda ikiwa bado inazunguka. Ilirukaruka sakafuni, ikamchana muundi, naye kwa hasira na maumivu akainua nondo na kumwendea Ngowa, kana kwamba kijana ndiye aliyeuwasha moto. Pigo la kwanza lilimvunja mkono aliouinua kujikinga. Mejumaa aliusikia mfupa.

Alifanya asichowahi kukifanya maishani. Alilikumbatia lile donge la urani kutoka mezani, akalivuta kifuani kwa nguvu ambazo baadaye hakujua zilitoka wapi, akapiga hatua moja, akaliachia juu ya mguu wa Seth.

Mguu ulisagika. Seth hakupiga kelele mara moja. Alifungua kinywa, akatazama chini, akaketi kama mtoto, ndipo kelele zikatoka.

"Simama, Ngowa! Simama!"

Alimkamata kwapani, wakaburutana kuelekea mlangoni, moshi ukiwakaba. Komeo lilikuwa la moto. Mejumaa alilivuta kwa mtandio wake, mlango ukafunguka, wakaangukia barabarani kwenye vumbi na mwanga. Nyuma yao Seth alitambaa kwa viwiko mpaka kizingitini. Na nyuma ya Seth akatoka Griffins, koti bado limefungwa, panga mkononi, akimfuata Mejumaa.

Madereva na wapakiaji waliokuwa wakisubiri mizigo walimwona mwanamke kichwa wazi, uso umevimba, na mwanamume mwenye panga akimkimbiza. Hawakuuliza. Mmoja alirusha jiwe, likampata Griffins kwenye paji la uso. Mwingine akampiga spana ya magurudumu kwenye kiwiko, panga likaanguka. Kisha wakamvamia wote kwa pamoja, kwa mateke, kwa mbao, kwa mikanda, na sauti ikapigwa: "Leteni tairi!"

Mejumaa angeweza kukaa pale chini. Sehemu ya nafsi yake ilitaka. Lakini aliwaona wakilishika lile koti, wakilivuta huku na huku, akajua kwamba kila mmoja wao alikuwa ameweka mikono kwenye jambo asilolijua.

"Mwacheni! Msimguse! Tokeni!"

Aliwaingia katikati kwa viwiko. Mtu alimsukuma, mtu akamwambia, "Mama, huyu alitaka kukuua!" Wakati huohuo koti likachanika, na kitu kidogo chenye mkia kikaanguka, kikang'aa juani. Mpakiaji mmoja aliinama kukiokota. Mejumaa alimpiga teke la mbavu kwa kisigino, akaanguka chali.

"Ni sumu hiyo! Ina miale! Kimbieni, nendeni mbali!"

"Bomu!" mtu akapiga kelele nyuma, na neno hilo likafanya kazi ambayo maelezo yote ya dunia yasingeifanya. Watu walitawanyika, wakikanyagana, wakiangusha mikokoteni. Alibaki dereva mmoja tu, mzee kidogo, amening'inia kwenye mlango wa tipa lake lililojaa mchanga, kwa sababu lori lake lilikuwa limezibwa mbele. Aliitwa Katana.

"Mama, nifanye nini?" alimwita.

"Kwanza tumtoe huyu."

Walimkamata Griffins miguu, wakamburuta mpaka ng'ambo ya barabara. Kichwa chake kilikuwa kikigonga mashimo ya lami. Kisha Mejumaa akaonyesha pale kile kitu kilipokuwa.

"Sasa rudi nyuma mpaka pale. Umwage mchanga wote juu yake."

"Mchanga wa watu huu."

"Mwaga, baba! Mwaga!"

Katana alimtazama, akautazama moto uliokuwa ukitoboa mabati, akapanda usukani. Tipa lilirudi nyuma likilia, mgongo ukainuka, na mchanga wote ukashuka kwa mngurumo mmoja, ukafanya kilima katikati ya barabara ya Shimanzi. Mejumaa aliketi ukingoni, akaanza kutapika. Kwa muda mrefu hakujua kama ni hofu au ni miale.

Ilikuwa hofu. Baadaye wataalamu waliovaa mavazi meupe walikuja na vyombo vyao, wakakichimbua kitu kile kwa koleo ndefu, wakakitia kwenye chombo cha risasi. Donge la urani walilikuta chini ya majivu, jeusi, halina lililolipata zaidi ya ganda la kutu. Mejumaa na Katana walipimwa damu mara kadhaa, wakaambiwa wako salama. Sikio la kushoto halikurudi. Ngoma yake ilipasuka. Mnunuzi hakuonekana, na polisi hawakumpata. Seth alishtakiwa akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu.

Griffins aliishi zaidi ya wiki mbili. Mejumaa alikwenda kumwona mara moja, kwa sababu polisi walitaka amtambue. Alikuwa nyuma ya pazia la plastiki. Nywele zilikuwa zimemtoka na kifua chake kimefunikwa, lakini bendeji haikuweza kuficha harufu.

"Umeniua," alisema.

"Nilikwambia uvue koti."

"Uliwazuia kunichoma moto. Kwa nini?" Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Wangemaliza siku ileile. Uliniacha nife hivi."

Griffins aliunyakua mlingoti wa dripu akautupa kuelekea kwa Mejumaa, ukapasua plastiki, chupa ikavunjika miguuni mwake, na wauguzi wakaja mbio. Mejumaa alisikia matusi yake mpaka kwenye ngazi.

Ngowa alikuwa ghorofa ya chini, askari mlangoni. Kidonda kilikuwa kimekula nyama mpaka mfupani, na madaktari walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba mguu utakatwa kwenye nyonga. Mkono uliovunjika ulikuwa kwenye plasta. Alizungumza kwa shida kwa sababu ya meno yaliyong'oka.

"Mwalimu, nataka kukuuliza kitu. Lile donge. Hata lingepigwa na nyutroni za dunia nzima, lisingepasuka?"

Mejumaa alivuta kiti, akageuza sikio lake zima. "Nyutroni yenye kasi kubwa sana ingepasua kiini kimoja hapa, kimoja pale," alisema. "Hata namna ile ya pili hupasuka ikipigwa kwa nguvu. Lakini nyutroni zinazotoka humo hupoteza kasi haraka, zikamezwa na viini vya jirani, mambo yakaishia hapo. Haiwezi kujiendeleza."

"Kwa hiyo halikuwa kitu."

"Lilikuwa ukuta. Lilikuwa likikukinga wewe na wenzako kila siku mlipokwenda kazini."

Ngowa aliangalia dari. Machozi yalimshukia masikioni, na hakuyafuta. Mejumaa akayafuta kwa ncha ya mtandio.

Muuguzi aliingia na sinia ya bendeji na mikasi. Alilivuta shuka, na Ngowa akashika chuma cha kitanda kwa mkono wake mzima.

"Toka, mwalimu," alisema. "Sitaki unisikie."

Mejumaa alitoka, askari akafunga mlango. Alisimama ukumbini, kiganja ukutani, na akamsikia.